Moyo unaenda mbio tangu dozi ya tezi iongezwe: nipunguze mwenyewe?

Dokta, habari za kazi.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Morogoro, nina miaka 36, nina mume na watoto wawili. Baada ya kujifungua huyu wa pili nilichoka uchovu ambao si wa kulea. Nilinenepa huku sili, nywele zikawa zinabaki kwenye kitana, nasikia baridi hata jua la saa 8 mchana, choo kigumu, hedhi nzito hadi naogopa kusimama darasani. Nilizungushwa sana, mara malaria, mara taifodi, mpaka daktari mmoja akanishika shingo na kuniandikia kipimo cha damu cha tezi kiitwacho TSH. Kikatoka 38. Nikaambiwa tezi ya thairoidi haifanyi kazi vizuri, kwamba kinga ya mwili wangu mwenyewe ndiyo inayoishambulia, na kwamba dawa ni ya maisha. Nikaanzishiwa levothairoksini mikrogramu 50. Baada ya miezi kadhaa nikawa mtu tena.

Mwaka huu mwezi wa pili nilirudi kupima, TSH ikawa 9.6. Daktari (si yule wa kwanza, yule kahamishwa) akanipandisha kutoka 50 hadi 100 kwa mkupuo. Wiki ya pili mambo yakaharibika. Moyo unaenda mbio nikiwa nimekaa. Mkono unatetemeka nikiandika ubaoni, na watoto wa darasa la nne wanaona. Saa 8 usiku nashtuka kifua kimebana, nina hakika kabisa kwamba nakufa, namwamsha mume wangu. Usiku mmoja alinikimbiza hospitali. Wakapima moyo kwa mashine, wakasema uko sawa, presha imepanda kidogo, wakanipa diazepamu na kuniambia nipunguze mawazo. Nisikufiche, wasiwasi ninao wa siku nyingi, tangu baba yangu alipofariki ghafla kwa ugonjwa wa moyo. Lakini haujawahi kuwa hivi.

Wiki ya tatu nikaenda maabara mwenyewe. TSH 5.1, na FT4, yaani homoni yenyewe ya tezi kwenye damu, wameandika ni ya kawaida. Hapo ndipo sielewi. Kama dawa imezidi, mbona TSH bado iko juu? Na kama haijazidi, mbona moyo unanifanyia hivi? Mhudumu wa duka la dawa karibu na nyumbani anasema nikate nusu. Dada yangu, ambaye alifanyiwa upasuaji wa goita, anasema dawa ya tezi haichezewi. Basi tangu hapo siku nikiamka vibaya nameza 50, nikiamka vizuri nameza 100, na kuna siku nimeruka kabisa. Dawa yenyewe naimeza saa 11 alfajiri na maji matupu kama muuguzi alivyonielekeza hiyo Februari, si kama zamani nilipokuwa naiteremshia na chai ya maziwa pamoja na vidonge vya kuongeza damu.

Mama mkwe anasema ni jini, twende nikasomewe. Shoga yangu ameninunulia mwani wa kwenye kopo, anasema unatibu tezi bila kemikali. Daktari mwingine niliyemwona anataka kunianzishia sertralini kwa ajili ya wasiwasi, nami naogopa dawa juu ya dawa. Juu ya yote, mume wangu anaulizia mtoto wa tatu. Nipunguze, niendelee, au niache?

Mwalimu mwenye hofu, Morogoro

JIBU

Mwalimu, pole sana. Dawa usiache, hilo tulimalize kwanza. Na huo utaratibu wa kuamka, kujisikiliza, kisha kuamua kama leo ni 50 au 100 au hakuna, usimamishe wiki hii hii. Piga simu kliniki ulikoandikiwa dawa, uliza swali moja: nimeze dozi ipi, moja tu, kila siku, mpaka nionane na daktari? Mimi ni mfamasia. "Dokta" mnaniita ninyi dirishani na nimeshachoka kukanusha. Kwa hiyo dozi yako sitaiandika hapa. Lakini barua yako ina jambo ambalo nadhani daktari wako hakuambiwa, na nusu ya jibu lako imo humo.

Ni ile sentensi ya chai ya maziwa, ambayo umeipitisha kama jambo dogo.

Levothairoksini, yaani homoni ya tezi iliyowekwa kwenye kidonge, ni dawa inayosusa. Hunyonywa kwenye utumbo mdogo, na ikikutana huko na maziwa, vidonge vya madini ya chuma, vidonge vya kalsiamu, dawa za kiungulia, kahawa au uji wenye soya, sehemu yake hushindwa kuingia kwenye damu na kupita tu. Ndiyo maana tunasema maji matupu, tumbo tupu, nusu saa hadi saa nzima kabla ya kifungua kinywa, na chuma au kalsiamu vikae mbali nayo kwa saa 4. Wewe kwa muda mrefu ulikuwa unaimeza na vizuizi viwili kwa mpigo. Kwa hiyo TSH ilipopanda hadi 9.6, huenda si kwamba 50 ilikuwa ndogo. Huenda hiyo 50 hukuwahi kuipata kamili.

Sasa tazama kilichotokea Februari. Daktari aliona 9.6 na, bila kujua habari ya chai, akaongeza dozi mara mbili. Majuma hayo hayo muuguzi akakurekebishia umezaji. Kila mmoja alikuwa na sababu yake, na maelekezo ya muuguzi ni sahihi kabisa. Lakini yote mawili kwa pamoja yamekupa nyongeza kubwa kuliko yeyote kati yao alivyokusudia. Tena hata bila habari ya chai, kuruka kutoka 50 hadi 100 ni hatua ndefu kwa mtu mwenye historia ya wasiwasi. Mara nyingi dozi hurekebishwa kwa mikrogramu 12.5 hadi 25, kisha watu wanasubiri. Hii haina maana kwamba 100 ni dozi ya ajabu. Kwa mtu ambaye tezi yake haitoi chochote, hesabu ya vitabuni ni kama mikrogramu 1.6 kwa kila kilo ya uzito, kwa hiyo mwenye kilo 70 anafika 112. Ila wengi wenye tezi inayoshambuliwa na kinga bado wana sehemu inayofanya kazi, na wanahitaji pungufu ya hapo. Yako imebakiza kiasi gani, hakuna ajuaye mpaka dozi itulie.

Na kutulia huchukua muda, jambo ambalo halielezwi vya kutosha pale dirishani, na hapo nawalaumu wenzangu. Levothairoksini haifanani na panadoli, ambayo ukimeza sasa hivi, baada ya saa chache imeshaisha. Ukimeza kidonge leo, baada ya wiki nzima karibu nusu yake bado imo mwilini. Ni kama simtanki juu ya nyumba: ukifunga bomba la kujazia asubuhi, jioni bado unaoga. Siku uliyoruka kidonge ukalala vizuri, hukulala vizuri kwa sababu dawa imetoka. Haikuwa imetoka. Na usiku uliomeza 100 ukashtuka saa 8, kidonge cha alfajiri ile peke yake hakina nguvu hiyo. Anayepanga dozi kwa jinsi alivyoamka anajibu leo mambo yaliyotokea wiki kadhaa nyuma, na kesho atayajibu tena kinyume chake. Hatafika.

Hapo ndipo ilipo ile 5.1 iliyokuchanganya. TSH haitoki kwenye tezi ya shingo. Hutoka kwenye tezi ndogo iliyo chini ya ubongo, na kazi yake ni kuihimiza ile ya shingo. Homoni ikipungua, himizo hupanda. Ikizidi, himizo hushuka, wakati mwingine hadi karibu sifuri. Maabara nyingi huweka kiwango cha kawaida kati ya 0.4 na 4.0 hivi. Lakini TSH huja nyuma ya mabadiliko, wala haiendi nayo bega kwa bega. Ukibadilisha dozi unahitaji wiki 6 hadi 8 kabla namba haijasema kitu cha kuaminika. Wewe ulipima wiki ya tatu, ilipokuwa bado inashuka kutoka 9.6. Kwa hiyo inawezekana kabisa homoni imepanda haraka kiasi cha kuutikisa moyo, na TSH bado haijafika ilikokuwa inakwenda. Na sasa, baada ya hizi wiki za kupanda na kushuka, ukipima leo namba haitaonyesha dozi yoyote uliyowahi kumeza kwa utulivu. Usitupe hela yako maabara kabla dozi moja haijakaa, isipokuwa daktari ana sababu yake ya kupima sasa.

Siku ya kupima, toa damu asubuhi kabla ya kumeza kidonge, kwa sababu FT4 hupanda kwa saa chache baada ya kumeza. Na kama uliwahi kununua vile vidonge vya nywele na kucha, soma kopo. Vingi vina vitamini ya biotini ya kiwango kikubwa, na biotini huvuruga vipimo vya baadhi ya mashine, TSH ikasomeka chini na homoni juu, mtu akapunguziwa dozi bure. Vidonge hivyo vya nywele viache angalau siku 2 kabla ya kipimo na umwambie mtu wa maabara.

Ukionana na daktari mwambie habari ya chai na vidonge vya damu. Mwambie siku ulizoruka, usione aibu. Kisha muulize kama inafaa ushuke hadi 75 ukae hapo wiki 6. Akikwambia umeze 50 siku moja na 100 siku ya pili yake, usishtuke ukadhani ni kile ulichokuwa unafanya. Dawa inayokaa mwilini muda mrefu hivi inaruhusu mpango huo, na wastani wake ni 75. Tofauti ni kwamba mpango wa daktari hauulizi umeamkaje. Ukichukua pakiti mpya, angalia kama ni ya kiwanda kile kile. Kikibadilika, mwambie daktari, maana watu wengine hutikisika kwa hilo. Na usiziweke dirishani wala juu ya jiko. Joto la Morogoro unalijua.

Sasa wasiwasi wenyewe. Unataka kujua kama ni dawa au ni wewe. Mimi nadhani ni vyote, na tena huenda yupo wa tatu. Homoni ikizidi haichagui saa. Mapigo huwa juu asubuhi ukiwa kitandani, huwa juu mchana, huwa juu usiku ukiamka kwenda msalani. Mtu husikia joto, hutoka jasho, choo huwa laini cha mara kwa mara, uzito hushuka huku anakula. Mshtuko wa hofu huja ghafla, hupanda hadi kileleni ndani ya dakika kama 10, mtu akaamini anakufa, kisha hushuka wenyewe. Ule wa saa 8 usiku unaonekana kama wa hofu. Mkono unaotetemeka ubaoni mchana kweupe unanivuta upande wa dawa. Hukuniambia kama bado unasikia baridi na choo bado ni kigumu, na hilo lingenisaidia sana.

Chukua daftari. Kila asubuhi kabla hujainuka kitandani hesabu mapigo kwa dakika nzima, andika. Andika saa uliyomeza kidonge, ulivyolala, na shambulio likija, andika lilianza saa ngapi na kuisha saa ngapi. Andika na chai ya rangi, kahawa, vinywaji vya kuongeza nguvu, hata dawa za mafua, maana baadhi yake huukimbiza moyo zenyewe. Daktari akiona majuma mawili ya daftari hilo ataamua vizuri kuliko kwa kukuuliza "unajisikiaje" kwenye foleni ya watu 40.

Wa tatu niliyemtaja ni damu. Tezi ikilala, hedhi huwa nzito, hedhi nzito humaliza madini ya chuma, na mtu mwenye upungufu wa damu moyo wake huenda mbio hata akipanda ngazi chache. Ulipewa vidonge vya kuongeza damu kwa sababu. Je, bado unavimeza, au ulipoacha kuvichanganya na dawa ya tezi uliviacha kabisa? Omba upimwe wingi wa damu na akiba ya chuma. Kama unavihitaji, vihamishie mchana baada ya vipindi au jioni.

Kuhusu sertralini: haigombani na dawa ya tezi, na wasiwasi ulioanza na kifo cha baba yako unastahili matibabu yake wenyewe, hata kama tezi ingekuwa nzima. Baba aliondoka kwa moyo, na sasa moyo wako ndio unaodunda usiku. Ningekuwa mimi ningeogopa pia. Tiba ya mazungumzo na mtaalamu wa saikolojia husaidia sana hofu ya namna hii, na hospitali kubwa za mikoa nyingi zina kitengo cha afya ya akili. Si lazima uwe umechanganyikiwa ndipo uende. Ila ningeomba jambo moja: usianze sertralini wiki ile ile unayobadilisha dozi ya tezi, kama hali yako inaruhusu kusubiri. Siku za mwanzo sertralini yenyewe inaweza kumfanya mtu ahangaike zaidi kabla haijaanza kumtuliza, jambo linalochukua wiki kadhaa, na hamtajua nani kafanya nini. Halafu kwa baadhi ya watu huongeza mahitaji ya levothairoksini, kwa hiyo TSH irudiwe baadaye. Diazepamu ni ya usiku mmoja mmoja wa dharura. Ukiimeza kila siku, mwili huizoea haraka. Kuna pia propranololi, ambayo baadhi ya madaktari hutoa kwa muda mfupi kutuliza mapigo na kutetemeka, lakini kama una pumu, sema kabla hujaandikiwa.

Mwani rudisha. Nauheshimu mwani, umewasomeshea watoto akina mama wengi wanaoulima Paje na Jambiani kule Zanzibar, lakini kopo halikwambii lina madini joto kiasi gani, na kiasi hubadilika sana. Tezi inayoshambuliwa na kinga ya mwili haikulala kwa kukosa madini joto, na ukiyamimina kwa wingi inaweza kulala zaidi. Chumvi ya dukani yenye madini joto inakutosha.

Mama mkwe usibishane naye. Kusomewa hakuzuii kidonge. Akitokea mtu huko akasema acha dawa za hospitali, hapo ndipo unaaga.

Yapo mambo yasiyosubiri daftari wala miadi: maumivu ya kifua, kuzimia au kukaribia kuzimia, kukosa pumzi, mapigo yanayokwenda bila mpangilio, au mapigo ya zaidi ya 120 ukiwa umetulia na hayashuki. Hayo ni hospitali muda huo huo, hata kama mara ya kwanza walikuambia moyo uko sawa. Na mawazo ya kujidhuru yakikujia, mwambie mume wako usiku huo huo, muende.

Mtoto wa tatu anawezekana vizuri tu, lakini si mwezi huu. Mwombe mume wako asubiri dozi itulie na TSH ishuke, ikiwezekana chini ya 2.5, kabla hamjaanza kutafuta. Mtoto tumboni hutegemea homoni ya mama katika miezi ya mwanzo, kwa hiyo siku utakayoona umechelewa, pima, na ukikuta mimba mpigie daktari siku hiyo hiyo bila kusubiri kliniki ya kwanza. Wengi huhitaji dozi ipande kwa robo au zaidi kidogo mapema kabisa, na TSH ipimwe kila baada ya wiki 4 hivi hadi katikati ya ujauzito. Kliniki watakupa vidonge vya FEFO, ambavyo vina madini ya chuma. Vimeze, ila jioni.